Polisi akikusimamisha Marekani na una bastola halali kiunoni: yaliyonikuta Minnesota

Mleta mada anasema mdogo wake amepata kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, anahamia Minnesota mwezi ujao, na ameshatangaza kwamba akifika atanunua bastola awe anatembea nayo kwenye gari, kwa kuwa kazi atakayofanya inamtoa usiku wa manane. Anauliza: polisi wakimsimamisha, aseme anayo au anyamaze? Na je, tungemshauri ainunue? Wachangiaji wawili watatu wameshamjibu kwamba ukiwa na kibali huna cha kuogopa. Hilo jibu ndilo limenitoa mafichoni. Humu mimi ni msomaji tu kwa miaka.

Niko huku tangu 2007. Naishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, nahudumia wazee zamu ya usiku. Kibali cha kubeba bastola nilikuwa nacho miaka mitano. Nimesimamishwa barabarani mara sita, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nayo kiunoni.

Nianze na ile ya kwanza kabisa, 2008, sina silaha wala wazo la silaha. Kosa lilikuwa la ushamba wangu. Mimi nimejifunzia gari Dar. Trafiki akikupiga mkono pale Mwenge unaweka gari pembeni, unashuka, unamfuata na leseni mkononi, "habari za kazi afande", mnaongea. Kushuka ndiyo heshima yenyewe. Kubaki umekaa kwenye kiti na mtu mzima amesimama juani ni jeuri, na hiyo jeuri utailipia. Basi usiku ule taa nyekundu na bluu zikawaka nyuma yangu, nikasimama, nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja. Wa pili sikuutoa. Niliona mwanga mkali usoni na kusikia mtu akinifokea nirudi ndani, na nilipogeuza shingo nikamwona amejikinga na mlango wa gari lake, mkono umenyooka mbele. Aliponikaribia alikuwa kijana tu, pengine wa miaka 25, na sauti ilikuwa inamtetemeka. Leseni nilikuwa nimeishika vidoleni muda wote. Huku heshima imegeuzwa: unabaki ndani, kioo chini, taa ya ndani unawasha, mikono miwili juu ya usukani, unamsubiri.

Sasa Castile, dereva mwenye kibali aliyeuawa na polisi hapa hapa Minnesota, maana kuna aliyeuliza "kwani yule jamaa alikosea nini".

Philando Castile alikuwa na miaka 32, msimamizi wa chakula katika shule ya msingi ya J.J. Hill pale St. Paul. Usiku wa tarehe 6 Julai 2016 alisimamishwa Falcon Heights, barabara ya Larpenteur, sehemu ninayopita mpaka leo. Alikuwa na mchumba wake, Diamond Reynolds, na nyuma kwenye kiti cha mtoto kulikuwa na binti wa huyo mchumba, wa miaka minne. Sababu aliyopewa ni taa ya breki. Lakini kwenye redio askari, Jeronimo Yanez, alikuwa ameshamwambia mwenzake kwamba dereva anafanana na mtu aliyehusika na ujambazi, akataja pua pana. Castile hakuwa jambazi. Alikuwa amesimamishwa zaidi ya mara 40 katika miaka yake ya kuendesha, mambo madogo madogo ya barabarani, kwa hiyo mtu wa kumfundisha namna ya kusimamishwa hakuwepo.

Video ya gari la polisi ilitolewa Juni 2017, siku chache baada ya hukumu. Nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa. Mazungumzo yanaanza vizuri kabisa. Askari anasalimia, anaeleza taa, anaomba leseni na bima. Castile anampa karatasi ya bima. Kisha, kwa sauti ya upole, anamwambia: bwana, sina budi kukueleza kwamba nina silaha. Askari anajibu sawa, basi usiifuate. Castile anaanza kueleza anachokifuata, askari anamkatiza, usiitoe, Castile anasema siitoi, mchumba naye anasema haitoi, na risasi zinaanza. Saba. Tano zilimpata. Tangu aseme neno silaha mpaka hapo haikupita sekunde kumi. Reynolds akarusha laivu Facebook kutoka kiti cha mbele, ndiyo dunia ikajua. Bastola ilikutwa mfukoni mwake, na ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, hakukuwa na risasi.

Angalieni vizuri kilichotokea. Alikuwa amepewa amri mbili. Ya kwanza: nipe leseni. Ya pili: usipeleke mkono huko. Na leseni iko wapi? Iko kwenye pochi, na pochi ya mwanaume iko mfukoni, huko huko kiunoni. Kutii amri ya kwanza kulikuwa ni kuvunja ya pili. Huyo ndiye mnayesema alikosea. Na kisheria hakuwa hata na wajibu wa kusema: Minnesota mwenye kibali analazimika kukionyesha askari akiuliza, si kujitangaza mwenyewe. Alisema kwa hiari, kwa uungwana.

Yanez alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Juni 2017 baraza la wazee wa mahakama, raia 12 wa kawaida, likamwachia huru. Hapo wengi humu huuliza inawezekanaje. Inawezekana kwa sababu mahakama kuu ya Marekani, katika kesi ya Graham v. Connor ya 1989, ilisema nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale wakati ule, si kwa yale tuliyoyajua sisi baadaye tumekaa kwenye kochi. Kwa hiyo swali halikuwa kama Castile alikuwa anatoa bastola. Swali lilikuwa kama askari angeweza kuamini hivyo. Familia ililipwa karibu dola milioni 3 bila kufika mahakamani, na askari akaondoka kazini. Chama cha wenye bunduki, NRA, ambacho mwenye bunduki akiguswa tu hupaza sauti, kililaumiwa hata na baadhi ya wanachama wake kwa ukimya wake.

Na msifikiri ni bastola peke yake. Septemba 2014, Columbia, South Carolina, askari alimwomba leseni Levar Jones kwenye kituo cha mafuta, kosa ni mkanda. Jones alikuwa ameshashuka, akageuka kuichukua ndani ya gari, akapigwa risasi. Hakuwa na silaha yoyote. Alipona, na akiwa chini aliuliza kwa nini umenipiga. Yule askari alikiri kosa mahakamani na kufungwa. Desemba 2020, Windsor, Virginia, luteni wa jeshi Caron Nazario, amevaa sare, alisimama kwenye kituo cha mafuta chenye mwanga akatoa mikono yote miwili dirishani. Askari mmoja anamwambia mikono iwe nje, mwingine anamwambia fungua mlango ushuke. Na mkanda atafungua na nini, meno? Akasema wazi anaogopa kushuka, askari akamjibu ndiyo, unapaswa kuogopa. Akapuliziwa dawa ya pilipili machoni. Ndani ya gari alikuwa na bastola halali. Baraza la wazee lilimpa fidia isiyofika dola 4,000.

Ni jambo lile lile kila mara: amri mbili zinazogongana, na mkono unaosogea.

Ya kwangu ilikuwa Januari 2018, saa tano na nusu usiku, naelekea kazini. Baridi ya kuua nzi. Nimevaa koti lile kubwa, chini yake bastola iko kwenye ala, kiuno cha kulia. Pochi iko mfuko wa nyuma, kulia. Wote mnaotumia mkono wa kulia mnajua pochi inakaa wapi. Miaka miwili na ushee nimeibeba na sikuwahi kuona kwamba nimeviweka mahali pamoja, mpaka usiku huo taa zikiwaka nyuma.

Nikafanya yote niliyojifunza. Kioo, taa, mikono usukanini bila glavu. Askari akaja upande wa abiria, jambo ambalo wengi hufanya huku na litakushtua usipolitegemea. Akaomba leseni na bima. Nikamwambia, polepole, kwa Kiingereza changu chenye Ukerewe ndani yake: nina kibali cha kubeba, ninayo leo, iko kulia, na pochi iko kulia pia, mikono yangu sitaisogeza mpaka uniambie.

Hakufoka. Alirudi hatua moja mpaka sikuuona uso wake, nikabaki naona mkono wake tu umeshika kiuno chake. Kimya. Nadhani zilikuwa sekunde tano. Mimi nilipiga hesabu ya watoto wangu wote na madeni yao ya shule. Akaniambia nisisogee, akaita mwenzake. Wakanishusha, ambayo ni haki yao, kesi ya Mimms ya 1977 iliwapa ruhusa ya kumshusha dereva yeyote aliyesimamishwa. Wakanifunga pingu "kwa usalama wetu sote". Akaichomoa bastola, akatoa magazini, akavuta ile slaidi, na risasi iliyokuwa kwenye chemba ikaruka ikazama kwenye theluji kando ya barabara.

Hapo ndipo mambo yakawa kichekesho. Hawezi kuiacha pale. Akawasha tochi, akainama, anachokora theluji kwa vidole, na mimi na pingu zangu nyuma nikawa namwelekeza kwa kidevu: kushoto kidogo, hapana, karibu na tairi. Tuliitafuta karibu dakika tatu. Alipoiona tukacheka wote wawili, na mimi nilikuwa natetemeka vibaya nikisingizia baridi. Akanirudishia vyote kwa vipande, bastola kwenye buti, risasi kiti cha nyuma, na onyo la maandishi la taa ya nyuma iliyoungua. Mstaarabu kabisa. Nilifika kazini nimechelewa, nikamgeuza bibi mmoja kitandani, akaniuliza mbona mikono yako ya baridi hivi leo.

Kuna Mkenya tunasali naye ambaye ni askari huku. Nilimsimulia. Akaniambia neno bunduki likishatoka mdomoni mwa dereva, yeye hasikii tena sentensi, anaona mikono tu. Kama ni mara yake ya kwanza usiku huo au ametoka kwenye tukio baya, hata mikono anaiona vibaya. Ndiyo maana anashauri uanze na neno kibali, na useme mikono yako iko wapi kabla ya kusema bastola iko wapi. Nilimwuliza, na mimi nikiwa mweusi mwenye lafudhi? Akanyamaza, akasema hilo nalo lipo.

Kwa hiyo, mleta mada, mdogo wako. Kibali cha Minnesota kinahitaji awe raia au mkaazi wa kudumu, apate mafunzo, kisha aombe kwa sherifu wa kaunti yake. Hilo analiweza. Asidhani sheria inamfuata akivuka mpaka wa jimbo: Michigan anatakiwa kujitangaza mara moja anaposimamishwa, Texas akiombwa kitambulisho na ana leseni ya silaha anatoa vyote viwili. Bangi Minnesota imehalalishwa tangu 2023, lakini fomu ya serikali kuu ya kununulia bunduki inaiuliza, na kwenye kesi ya Yanez watetezi wake waliitumia bangi ya marehemu kumchafua. Akae nayo mbali.

Leseni na bima visikae mfukoni kabisa. Minnesota kuna kipochi kinachobanwa kwenye tundu la hewa la dashibodi, kimeandikwa kwamba dereva hafuati kitu, na mama yake Castile, Valerie, amekipigania. Mimi ninacho. Na akipewa amri mbili zinazogongana asichague mojawapo. Agande, aseme: umeniambia nitoe, umeniambia nisisogee, nifanye ipi kwanza? Inaweza isitoshe. Castile alikuwa anajaribu kusema kitu kama hicho.

Uliuliza pia kama ningemshauri ainunue. Kibali changu kiliisha 2020, sikukihuisha. Bastola iko kwenye sefu chumbani, na funguo anazo mke wangu.