Maswali ya Wasomaji: Dakika za Kuchemsha na Uchungu wa Bia ya Nyumbani

Barua nyingi tulizopokea kuhusu bia ya kutengeneza nyumbani zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: maji ya kimea yachemshwe kwa muda gani? Tumechagua barua nne. Kabla ya kuzijibu, msomaji atenganishe mambo mawili ambayo maelekezo mengi huyachanganya. Zipo dakika ambazo maji ya kimea hukaa motoni, na zipo dakika ambazo maua ya hopsi hukaa ndani ya maji hayo. Uchungu hufuata zaidi hizo za pili, na mtu anaweza kuchemsha kimea kwa saa mbili akapata bia isiyo na uchungu wowote wa maana, ikiwa hopsi alizitia mwishoni na kuipoza sufuria mara moja.

Swali: Ndugu Mhariri, ninaishi Nairobi na hutengeneza bia ya ale, lita 20 kwa mara moja, kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa Marekani. Yanataka gramu 30 za hopsi zenye asilimia 6 ya asidi za alfa, zichemshwe kwa dakika 60. Rafiki yangu wa Mombasa hutumia maelekezo yale yale, na hopsi tunanunua pamoja na kugawana, lakini bia yake huwa chungu kuliko yangu. Je, niongeze muda? Tena gesi imepanda bei, na nilikuwa nikifikiria kupunguza muda hadi dakika 30. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, maswali yako mawili yanavutana, maana lile la kwanza linataka muda zaidi na la pili linataka muda mfupi. Jibu la yote mawili, hata hivyo, ni kuongeza hopsi badala ya kuongeza dakika. Tueleze sababu.

Asidi za alfa zilizomo ndani ya hopsi hazina uchungu mwingi zenyewe, na haziyeyuki vizuri majini. Zikipata joto kali hubadilika muundo na kuwa asidi za iso-alfa, ambazo huyeyuka na ndizo zinazouletea ulimi uchungu wa bia. Mabadiliko hayo huanza kwa kasi kisha hufifia, kwa kuwa kila dakika inayopita huacha asidi chache zaidi za kubadilishwa. Tukitumia kanuni ya Glenn Tinseth, ambayo watengenezaji wa nyumbani wengi huitegemea, gramu zako 30 katika lita 20 za maji ya kimea yenye uzito wa 1.050 (yaani ukilinganishwa na maji matupu, ambayo ni 1.000) zingetoa vipimo 10 hivi vya IBU, kipimo cha kimataifa cha uchungu wa bia, kwa dakika 15, vipimo 16 kwa dakika 30, na 21 kwa dakika 60. Ukiendelea hadi dakika 90 utafika 22 tu. Nusu saa ya mwisho, pamoja na gesi yake yote, imekuongezea kipimo kimoja na kitu, tofauti ambayo sidhani kama mnywaji wa kawaida angeitambua akiwekewa glasi mbili mezani.

Hesabu hiyo lakini ni ya mahali ambapo maji huchemka kwa nyuzi 100. Rafiki yako wa Mombasa yuko usawa wa bahari. Wewe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Nyuzi sita zinaonekana kuwa jambo dogo, lakini kasi ya kubadilika kwa asidi za alfa huteremka hadi karibu asilimia 60 ya ile ya pwani. Dakika zako 60, kwa upande wa uchungu, zinalingana na dakika 36 za Mombasa, na kwa makadirio hayo bia yako inapata vipimo 17 hivi badala ya 21. Kuzidisha moto hakusaidii, kwa maana sufuria iliyo wazi haipandi joto kupita kiwango cha kuchemka hata ukiwasha majiko mawili chini yake. Utakachopata ni mvuke mwingi na mtungi mtupu.

Ukitaka kubaki na dakika 60, tia gramu 36 badala ya 30. Ukishuka hadi dakika 45, tia gramu 41. Kwa dakika 30 utahitaji gramu 53, na hapo ndipo ninapositasita, kwa kuwa maua mengi kiasi hicho hufyonza bia na yanaweza kuacha ladha ya nyasi na ukakasi kooni. Ipo njia nzuri zaidi kwa mwenye kubana gesi: nunua hopsi zenye nguvu, kwa mfano Magnum, ambazo asidi zake za alfa huwa kati ya asilimia 12 na 14. Kwa hopsi za asilimia 12, gramu 26 au 27 zitatosha kwa dakika 30. Harufu ya hopsi za kuchemshwa muda huo hupotea kwa sehemu kubwa, kwa hiyo huna haja ya kutumia hopsi ghali za manukato kwa kazi ya uchungu.

Kumbuka pia kiasi cha maji. Sufuria ya nyumbani hupoteza lita tatu au nne kwa saa. Ikiwa ulianza na lita 24 zenye uzito wa 1.042, ukamaliza na lita 20, uzito umefika 1.050. Ukichemsha nusu saa tu, utabaki na lita 22 zenye uzito wa 1.046, yaani bia nyepesi na yenye kileo pungufu kidogo, na utailaumu nusu saa kwa kosa ambalo ni la ndoo. Anza na maji machache zaidi.

Kuhusu ladha ya kimea yenyewe, muda mrefu hukoleza rangi na kuongeza ladha inayokaribia ganda la mkate, kutokana na sukari na asidi za amino kukutana katika joto. Katika bia ya ale ya kawaida, tofauti kati ya dakika 30 na 60 kwa upande huu ni ndogo kuliko watu wanavyodai. Anayetaka bia nyeusi iliyokolea atafanikiwa haraka zaidi kwa kuongeza gramu chache za kimea kilichokaangwa kuliko kwa kukesha kando ya jiko.

Jambo la mwisho: mnapogawana hopsi, zako zinawekwa wapi? Asidi za alfa huharibika kwa joto na hewa. Pakiti iliyofunguliwa ikakaa kabatini kwa miezi haina tena asilimia 6 iliyoandikwa juu yake. Zifunge bila hewa na uziweke kwenye friza.

Swali: Mimi ni wa Dar es Salaam. Bia yangu nyepesi ya mtindo wa pilsner inatoka na harufu ya mahindi ya kuchemsha, au niseme ya kabichi. Uchungu ni sawa kabisa. Nachemsha saa moja, na nafunika sufuria ili gesi isiishe haraka. Wenzangu wananiambia hamira yangu ni mbovu.

Jibu: Iache hamira kwanza na uanze na mfuniko. Harufu unayoieleza ni ya dimethili salfidi. Kimea cheupe sana, kama kile cha pilsner, hukaushwa kwa joto dogo, kwa hiyo hubaki na kitu kinachoitwa S-methili-methionini. Maji ya kimea yakipashwa joto, kitu hicho huvunjika na kutoa dimethili salfidi. Kimea kilichokaushwa kwa joto kubwa, kama kile cha ale, huwa kimekwisha kupoteza sehemu kubwa yake kiwandani, na ndiyo sababu wenzako wanaotengeneza ale hawajawahi kusumbuliwa na harufu hiyo hata wakichemsha muda mfupi.

Dimethili salfidi huchemka kwenye nyuzi 37 tu, kwa hiyo hutoka na mvuke kwa urahisi, alimradi mvuke una pa kutokea. Unapofunika, mvuke hugonga mfuniko, hugeuka matone na kuirudisha harufu ndani. Ondoa mfuniko tangu maji yanapoanza kutokota hadi unapozima moto. Kama moto wako ni mdogo mno kiasi kwamba sufuria haitokoti bila kufunikwa, tengeneza bia kidogo zaidi kwa mara moja.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze dakika. Katika nyuzi 100, karibu nusu ya S-methili-methionini huvunjika kila dakika 40. Baada ya saa moja, zaidi ya theluthi moja bado imo. Baada ya dakika 90, imebaki moja ya tano hivi. Hiyo iliyobaki huendelea kuvunjika wakati sufuria imezimwa lakini bado ni ya moto, na wakati huo hakuna mvuke wa kuibeba harufu. Kwa kimea cha pilsner, basi, dakika 90 zina maana, ingawa kwa uchungu hazina. Tia hopsi za uchungu zinapobaki dakika 60, na hesabu yako ya IBU haitabadilika.

Upoaji nao kwa hapa Dar ni tatizo, kwa kuwa maji ya bomba yenyewe ni ya uvuguvugu. Pitisha maji ya bomba kwenye koili ya shaba, yaani bomba lililoviringishwa na kutumbukizwa sufuriani, mpaka sufuria ishuke hadi nyuzi 40 hivi, kisha pampu maji ya barafu kutoka kwenye ndoo. Ukianza na barafu moja kwa moja, itakwisha sufuria ingali ya moto.

Wanaotumia kimea cha unga au cha rojo kilichokwisha kuchemshwa kiwandani hawahusiki na mengi ya haya. Kwao dakika 30 zinatosha, au hata pungufu kama hopsi zinaruhusu.

Swali: Sisi huku Moshi tunatia uchungu kwenye mbege kwa gamba la msesewa. Je, hesabu ya dakika mliyozoea kuieleza kwa hopsi inafaa pia kwa msesewa?

Jibu: Haifai. Hopsi zina sifa ya pekee kwamba uchungu wake hutengenezwa na joto. Ukizilowesha katika maji baridi utapata harufu nyingi na uchungu kidogo tu. Uchungu wa msesewa umo tayari ndani ya gamba, na kinachofanyika ni kuutoa. Kwa hiyo kiasi cha gamba, ukubwa wa vipande na muda wa kuloweka au kuchemsha huamua kwa namna tofauti, na hakuna kanuni ya kimaabara inayoweza kushika nafasi ya kipimo cha wazee wenu. Tusingependa mtu akizidishe kipimo hicho kwa majaribio. Msesewa ni mti wa jenasi ya Rauvolfia, ambayo gamba na mizizi yake hubeba alkaloidi zenye nguvu. Kutoka katika mmoja wa mimea ya jenasi hiyo ndiko ilikopatikana reserpini, dawa ya shinikizo la damu. Mwenye kutumia dawa za aina hiyo aulize daktari kabla ya kunywa.

Swali: Nawaandikia kutoka Minneapolis. Nilisoma kwamba hopsi zikitiwa baada ya moto kuzimwa huleta harufu bila uchungu. Nikazima, nikatia gramu 80, nikafunika na kuiacha sufuria nje kwenye baridi mpaka asubuhi. Harufu ni kidogo, na uchungu ni mkali. Kitabu kilinidanganya?

Jibu: Kitabu kilidhani utapoza haraka. Asidi za alfa hazijui kwamba jiko limezimwa, bali hufuata joto la maji. Katika nyuzi 90 hubadilika kwa kasi ya takriban asilimia 40 ya ile ya nyuzi 100, na katika nyuzi 80 kwa kasi ya moja ya sita hivi. Sufuria kubwa iliyofunikwa, hata ikiwa nje wakati wa baridi ya Minnesota, hupoa polepole kwa sababu hewa hubeba joto kidogo sana ikilinganishwa na maji. Kwa kiasi cha hopsi ulichotia, muda sufuria iliokaa juu ya nyuzi 80 ulitosha kukupa uchungu wote huo.

Harufu nayo ilikuwa na safari yake. Mafuta ya hopsi ni mengi na hayalingani: mirsini, yenye harufu ya utomvu na majani mabichi, hutoroka upesi katika joto, ilhali linalooli, yenye harufu ya maua, huvumilia zaidi. Mafuta yaliyokaa muda mrefu kwenye joto kali hutoka au hubadilika, na kinachobaki hakifanani na harufu uliyoinusa ulipofungua pakiti.

Wakati mwingine, zima moto, poza kwa koili hadi nyuzi 75 au 80, ndipo utie hopsi na kukoroga. Ziache dakika 20, kisha endelea kupoza hadi joto la kutia hamira. Kama huna koili na lazima uiache usiku kucha, usizitie kabisa hopsi hizo kwenye sufuria, bali uzitie kwenye chombo cha kuchachushia, uchachukaji unapokaribia kwisha, kwa siku tatu au nne. Hopsi za uchungu nazo, zile za mwanzo, zipunguze kidogo, kwa sababu katika sufuria isiyopozwa zitaendelea kufanya kazi baada ya moto kuzimwa.