Miradi inaisha kwa wakati, faida haionekani

SWALI: Shikamoo dada. Mi nasimamia miradi kwenye saccos, kila mradi tunamaliza ndani ya muda na bajeti ila bosi analalamika haoni faida, tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kumaliza kwa wakati hakutoshi, mradi unasukuma lengo gani? Angalia M-Pesa, majaribio ya 2005 kule Kenya yalilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu, ila wakawa wanatumiana hela wenyewe kwa wenyewe, Safaricom wakaona hapo ndo penye biashara wakageuza mradi, 2007 ukazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Sasa nyie kama lengo la mwaka ni kuongeza wanachama halafu mnahangaika na mfumo wa mishahara, bosi ana haki kabisa! Kaeni nae kila robo mwaka, mradi usiogusa lengo usimamisheni hata kama umefika nusu.