Abstrakti yangu ilikataliwa, shangazi akaninyoosha

Hii nawaandikia wale ambao peipa imeisha, deta zimechambuliwa, kimebaki abstrakti, kile kipande cha maneno 250 pale juu cha kufupisha utafiti mzima, na mtu anajiambia hiki ni cha usiku mmoja tu. Mi nilijiambia hivo hivo. Nilikuwa nimepanga Ng'ong'ona, hapa Dodoma, kipindi hicho, dedlaini ya kongamano saa sita usiku, saa nne ndo nakumbuka sina abstrakti, nikafungua proposo yangu ya zamani, lile andiko la mpango kabla utafiti haujafanyika, nikadesa utangulizi, nikapunguza punguza maneno, nikatuma, nikalala zangu.

Majibu yalikuja mstari mmoja: haieleweki kama utafiti umeshafanyika. Nilikasirika jamani, miezi nimezunguka vijiji vya Chamwino, vumbi nimekula, jua la huku mnalijua, leo mtu ananiambia sijafanya? Nikarudi kuisoma. Aisee. "Utafiti huu utachunguza", "deta zitakusanywa"... ile UTA ya proposo nimeiacha vile vile. Halafu sentensi nne za mwanzo zinaeleza kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, kana kwamba kuna Mtanzania hajawahi kusikia, na matokeo nimeyapa sentensi moja: "matokeo yamejadiliwa kwa kina." Yapi sasa?

Risechi yenyewe ilihusu kuhifadhi mtama, kwa nini watu wanabaki na vihenge na viroba vya kawaida wakati ipo ile mifuko ya tabaka tatu, plastiki mbili ndani na kiroba nje, ukiifunga vizuri hewa haipiti na fukusi wanakufa humo humo. Wikiendi moja niko Mvumi kwa shangazi, akaniuliza, "Sasa mwanangu, muda wote huo unachungulia maghala ya watu, umeona nini?" Nikamjibu bila kufikiria: shangazi, watu mifuko wanaijua na wanaikubali, ila inatakiwa inunuliwe wakati wa mavuno na hapo ndo hawana hela, hela inakuja wakishauza mtama, na wakishauza hakuna tena cha kuhifadhi. Akaniangalia. "Hilo mbona hata mi nalijua." (Wahakiki wa majarida ni wapole kuliko yeye, nawaambia.) Lakini nilichomwambia pale ndo abstrakti, na nilikuwa sijakiandika popote.

Kwa hiyo siku hizi naanza na matokeo. Naweka simu irekodi, naongea kama naongea na shangazi, halafu naandika sentensi mbili tatu za nilichokiona, na namba ndani. Tuseme kwa mfano wa kutunga, "kaya nyingi hazitumii mifuko" haimsaidii mtu, ila "kaya 74 kati ya 120 hazikuitumia" inambakiza msomaji. Njia napitia haraka, nani, wangapi, wapi, nimekusanyaje. Usuli sentensi moja, ikizidi sana mbili, na huo nauandika mwisho kabisa. Vyanzo sivitaji, vifupisho naandika kirefu chake, na ukishabadilisha jedwali huko ndani rudi uangalie namba za juu, hapo wengi tunaumbuka. Na ile "utafiti zaidi unahitajika" ya kufungia, bora hayo maneno matatu ukayatumie kusema matokeo yako yanamaanisha nini kwa mkulima.

Mnajua kwa nini nasisitiza? Kaa na Google Scholar siku bumu, hela ya mkopo wa chuo, halijatoka. Unapata makala tamu, unabonyeza, wanataka dola 30 na ushee, unachoachiwa bure ni kichwa cha habari na abstrakti. Msomaji wako naye yuko hivo hivo. Kama neno "mtama" na neno "Dodoma" hayamo pale, anayetafuta mtama wa Dodoma hakupati.

Majarida ya afya mengi yanataka ukate kwa vichwa vidogo, usuli, malengo, mbinu, matokeo, hitimisho, mengine yanataka aya moja, so soma maelekezo yao kwanza. Na wakitaka ikisiri, yaani abstrakti hiyo hiyo, ya Kiswahili na ya Kiingereza, usiipitishe kwenye programu ya kutafsiri ukaondoka. Mi naandika kila moja upya, maana "kihenge" huwezi kukihamisha kwa neno moja, inabidi ueleze ni ghala la asili la kuwekea nafaka, na hapo hesabu ya maneno inakukaba, unakuta unakata sehemu nyingine.

Mwaka uliofuata niliituma tena kongamano lile lile, ikapita. Nikampigia shangazi, akafurahi, akauliza wananilipa shilingi ngapi. Nikamwambia hapana shangazi, sisi ndo tunawalipa.