Ruzuku ya dharura ya chuo kikuu wakati wa mlipuko wa virusi: yapi yaandaliwe mapema

Kirusi kipya kikitangazwa, watafiti wengi hukimbilia kuandika andiko la mradi. Muda hasa hupotea baadaye: fedha zimeshaidhinishwa, lakini kamati ya maadili haijakaa, mkataba wa kuhamisha sampuli haujasainiwa na vitendanishi (kemikali za kupimia maabara) vimekwama kwenye zabuni.

Uganda imeona yote mawili, kuchelewa na kuwahi. Mlipuko wa Ebola aina ya Sudan ulitangazwa huko Septemba 2022, na chanjo za majaribio zikafika Desemba wakati wagonjwa wameshakwisha. Ugonjwa huo ulipotangazwa tena tarehe 30 Januari 2025, Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, wakisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, walianza jaribio la chanjo tarehe 3 Februari. Siku nne! Haiwezekani kufika hapo kwa kuanza na karatasi tupu.

Kwa hiyo fungu la kwanza la dharura litumike kabla ya dharura. Andikeni itifaki mama, yaani mpango wa jumla wa utafiti, iliyoacha wazi jina la kirusi, eneo na idadi ya washiriki, kisha kamati ya maadili iipitishe sasa. Mlipuko ukija mtapeleka marekebisho tu. Kamati nayo iwe na kanuni iliyoandikwa ya kikao cha dharura kwa mtandao, pamoja na akidi yake. Fomu ya ridhaa itafsiriwe mapema, na iombe waziwazi ruhusa ya kuhifadhi sampuli kwa utafiti wa baadaye. Kipengele hiki husahaulika sana, na bila hicho sampuli za wiki ya kwanza, ambazo hazipatikani tena, zinaweza kubaki kwenye friza bila mtu kuruhusiwa kuzigusa.

Andiko lenyewe lisizidi kurasa mbili, nalo libebe swali moja ambalo jibu lake litapotea likisubiri: mgonjwa anaendelea kutoa virusi kwa muda gani, au ni wangapi kati ya waliokaa naye wameambukizwa bila dalili. Swali linaloweza kungoja mwaka ujao lipelekwe kwenye ruzuku ya kawaida. Eleza pia mtafanya nini wagonjwa wakiisha kabla hamjatimiza idadi ya washiriki. Jibu zuri ni kutumia itifaki moja na vituo vingine ili takwimu ziunganishwe. Tafiti ndogo ndogo zisizooana hazimsaidii daktari aliye wodini.

Upande wa chuo, wasomaji watatu wanatosha, mmoja awe wa nje ya kitivo. Uamuzi ndani ya saa 48 unawezekana: mfuko wa Fast Grants wa Marekani uliahidi hivyo hivyo mwaka 2020, tena kwa fomu ya kujazwa chini ya nusu saa. Toeni fedha kwa awamu mbili. Ya kwanza iende kwenye kazi zisizohusisha washiriki, kama vitendanishi, mafunzo na kuandaa maabara. Ya pili ifuate kibali cha maadili. Mkisubiri kibali ndipo muagize vitendanishi, mmeshachelewa, kwa sababu wakati wa mlipuko kila maabara inagombea vitendanishi hivyohivyo.

Kwenye bajeti, msinunue mashine mpya. Itachukua miezi kufika, kufungwa na kuhakikiwa. Wekeni badala yake vifaa vya kujikinga, mshahara wa karani wa takwimu, bima ya wanaoingia wodini na usafirishaji wa sampuli. Huo wa mwisho huwashangaza wengi: damu ya mgonjwa wa Ebola husafirishwa kama kundi A, la vimelea hatari zaidi, kwa namba ya kimataifa ya mizigo UN 2814, na si wasafirishaji wengi wanaoipokea. Anayeifungasha lazima awe na mafunzo ambayo muda wake haujaisha. Ikiwezekana, ueni virusi palepale kwa kimiminika kilichohakikiwa, kisha mpime vinasaba; hapo hamtahitaji kuotesha virusi hai, kazi ambayo kwa Ebola hutaka maabara ya usalama wa ngazi ya 4, iliyo ya juu kabisa.