Kansa ya mapafu steji ya 4: kabla hujampakia mzee kwenye basi

Ndugu pole sana na mzee. Umeuliza kama yule dokta wa kwanza atakasirika ukitafuta mwingine, na kama ni lazima mfike Nairobi. Nimepitia hayo na mama yangu, acha nikwambie nilipokosea.

Mama hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Kikohozi kilipoanza, hospitali moja hapa Kampala wakampa dawa za TB miezi minne ingawa makohozi yalipimwa yakawa safi, sisi tukanyamaza maana dokta ndiye dokta. Kuja kupigwa siti skani, kansa, tena imeshafika kwenye mifupa. Wakasema kemo, zile dawa kali za kansa za dripu. Mimi na haraka zangu nikampakia kwenye basi la usiku, tukavuka Busia anahema mpaka abiria wanatuangalia, kumbe kifua kimejaa maji. Kufika Nairobi dokta kasoma karatasi yetu dakika mbili tu, akauliza, bloku iko wapi? Bloku gani tena jamani!

Bloku ni ile nyama iliyokatwa wakati wa biopsi, maabara wanaihifadhi ndani ya nta, kidude kidogo kinaingia mfukoni. Hicho ndicho kinachosafiri, mgonjwa abaki kitandani kwake. Daktari wa pili ukimpa ripoti peke yake atarudia ya mwenzake, lakini ukimpa bloku, slaidi (vile vioo vyenye vipande vyembamba vya nyama hiyo) na CD ya siti skani (CD yenyewe, sio karatasi) anajionea mwenyewe. Maabara walinizungusha siku tatu, nikaandika barua, nikasaini, wakatoa.

Bloku ya mama ikapimwa jeni moja inaitwa EGFR, ikakutwa ina mabadiliko. Mabadiliko hayo huonekana zaidi kwenye aina ya kansa ya mapafu inayoitwa adenokasinoma, hasa kwa wasiovuta, na dawa yake ni kidonge cha kila siku, sio dripu. Bei sitaki hata kuikumbuka, kiwanja kiliondoka. Ila maji yalipungua, akarudi jikoni kutugombeza, tukakaa naye mwaka na miezi kadhaa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani naye alipimwa, mabadiliko hayakuwepo, akaendelea na kemo ileile.

Kukasirika? Yule wa kwanza nilimwambia wazi na barua ya rufaa akaniandikia yeye. Muulize pia kama mzee anaweza kusubiri, maana majibu ya jeni huchukua wiki kadhaa, na kama anahema vibaya maji yatolewe kwanza, hayo hayangoji maoni ya mtu. Na kabla ya kuvuka mpaka anzeni pale Uganda Cancer Institute, Mulago, madaktari wa kansa wapo. Hospice ya Makindye, wale wanaotuliza maumivu ya wagonjwa, nayo usiogope jina, sisi tuliwaita tukiwa bado kwenye matibabu, na ile mofini ya maji, dawa ya maumivu, ndiyo iliyompa mama usingizi.

Ripoti ya mzee imeandika aina gani? Na biopsi ilifanyika au wamesoma picha tu?