Kiwanja kimeota pori? Fyeka kabla sheha hajabisha hodi

Kosa kubwa la wenye viwanja ni kusubiri masika yaishe ndipo watafute mtu wa kufyeka. Ikifika Juni majani yamekwisha kupukutisha mbegu, na vuli ikinyesha unaanza upya, tena kwa pori zito zaidi. Fyeka mara mbili wakati wa masika, katikati ya Aprili na tena mwisho wa Mei, halafu mara moja Novemba. Mafyeko mawili ya majani machanga ni kazi nyepesi kuliko moja la majani yaliyokomaa.

Hoja ya "kiwanja changu, pori langu" haina miguu. Ardhi ya Zanzibar, kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ni mali ya umma. Ulichonacho ni haki ya kuitumia. Jirani akichoshwa na nyoka na mbu huenda kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, na likifika kwa Bwana Afya au baraza la manispaa unaletewa notisi. Isome tarehe na idadi ya siku ulizopewa. Ukihitaji muda zaidi, omba kwa maandishi kabla siku hazijaisha. Anayeishi Muscat au Dar amwachie sheha namba ya mtu aliye karibu, maana notisi iliyobandikwa ukutani haimngoji mwenyewe arudi.

Kufyeka majani si ruhusa ya kukata miti. Kwetu mnazi au mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mwingine kabisa, na wewe una ardhi tu. Uliza kwanza, na mti mkubwa uombee kibali.

Tukija kwenye mashine: nyingi za kufyekea hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Iliyoandikwa 50:1 inataka mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Ya 25:1 inataka 40. Ukitia petroli tupu, pistoni inakwaruza silinda na mashine inakwama. Oili ikizidi, moshi unajaa na plagi inaziba. Sehemu za mawe ya matumbawe, kama upande wa mashariki wa Unguja, tumia uzi wa nailoni, si kisu cha chuma: kisu kikigonga jiwe kinapasuka, na kipande kinaruka. Vaa miwani na viatu vya kufunika, na watoto wakae mita 15 mbali. Palipo na upupu, fyeka wakati maganda yangali mabichi, na mikono mirefu iwe lazima. Yakikauka, manyoya yake hupeperuka hadi kwa jirani.

Ndago ndiyo inayowashinda wengi. Ukiifyeka inachipua baada ya siku chache, kwa sababu nguvu yake iko kwenye vinundu vilivyoungana chini kama shanga. Jembe la kukatakata linaizidisha: kila kinundu kinaota peke yake. Chimba udongo ukiwa na unyevu, inua kwa uma, tikisa, okota vinundu vyote, uvianike juani kwenye saruji mpaka vikauke kabisa. Anayetaka dawa ya kuua magugu aipulizie majani mabichi ambayo hayajafyekwa, kwani inashuka chini kupitia majani, na achague siku isiyo na dalili ya mvua. Karibu na kisima, acha dawa kabisa. Mawe yetu yana matundu, na kinachomwagwa juu hakichelewi kufika majini.

Baada ya kufyeka, pita tena kwa mguu. Mbu hujificha majanini mchana, lakini hawazaliani humo. Wanazaliana kwenye vifuu, makopo na matairi yenye maji, na kwa joto letu yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi. Vipindue au viondoe. Majani usiyachome, hasa penye mapaa ya makuti. Yarundike chini ya minazi yaoze, au yapeleke jaani. Mwisho piga picha kutoka kona nne, bikoni (alama za mipaka) zionekane, umtumie sheha siku hiyo hiyo.