Mama unahema, usisingizie umri kabla hujapima

Wiki hii maswali mengi ni ya kina mama wanaoishiwa pumzi wakati hedhi inakoma. Nimechagua haya.

Nina miaka 49, hedhi inakuja inapotea. Usiku napata joto la ghafla, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi. Ni kawaida? (Uyole)

Ikija na lile joto na kuisha yenyewe baada ya dakika chache, mara nyingi ni homoni zinapanda na kushuka, halafu na hofu nayo inaongezea. Kaa kitako, legeza nguo, vuta hewa puani taratibu, kisha itoe kwa mdomo uliobana kama unapuliza chai ya moto, itoke muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kahawa ya jioni acha. Ila kapime presha na damu, maana mnapenda sana kuambiwa "kawaida" mkishaambiwa mnalala.

Natokwa damu nyingi siku tisa, nikipanda kilima kwenda nyumbani nasimama mara tatu. Jirani anasema umri unaaga. (Isyesye)

Jirani amekupima na nini? Hili mnaniuliza kila mara jamani. Miaka hii ya kuelekea kukoma hedhi damu inaweza kutoka nyingi, na damu ikipungua mwili unakosa hewa hata kama mapafu ni mazima, ndo maana unahema kwa kilima ulichopanda miaka yote. Omba kipimo cha HB, yaani cha wingi wa damu, mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu. Afu waangalie kizazi pia kama kuna uvimbe, kwa sababu kumeza vidonge vya kuongeza damu bila kujua damu inatokea wapi ni kujaza ndoo iliyotoboka. Na sisi watu wa huku na chai yetu! Usiinywe na chakula wala na hivyo vidonge, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, acha ipite kama saa moja hivi.

Kuna mzizi wa kurudisha hedhi? Yangu imekata miaka miwili. (Tukuyu)

Hakuna. Na damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hiyo ni ya kupeleka hospitali wiki hiyohiyo, inaweza kuwa saratani.

Nimehamia Mbeya kutoka Dar miaka minane sasa, nahema. Si milima hii na hewa nyepesi? (Mwanjelwa)

Miaka minane? Mwili huzoea ndani ya wiki chache tu. Kapime.

Nina 53, asubuhi kifua kinabana na nakohoa. Napikia kuni, usiku wa baridi tunaingiza jiko la mkaa chumbani. (Makete)

Toa hilo jiko leo! Kila Juni na Julai nasema hili na kila mwaka kuna watu hawaamki, kwa sababu ile hewa ya mkaa inayoua haina harufu na wewe umefunga dirisha. Moshi wa kuni nao unaharibu mapafu taratibu, hata ya mama ambaye hajawahi kushika sigara. Pumu pia inaweza kuanza umri huu. Kikohozi kikipita wiki mbili peleka makohozi wapime TB, hospitali za serikali ni bure.

Mke wangu ana 56, analala na mito mitatu la sivyo pumzi inakata, miguu inavimba jioni. Anasema ni ukomo wa hedhi. Nimpe dawa gani? (Mafinga)

Baba, usimpe dawa, mpeleke, tena usimwache aende peke yake. Hizo ni dalili za moyo, na hedhi ikishakoma hatari ya magonjwa ya moyo kwa mwanamke inapanda, wengine hata kifua hakiumi, ni kuchoka na kuhema tu. Wampime presha na umeme wa moyo. Na ikitokea pumzi imekata ghafla huku mguu mmoja umevimba unauma, huenda ni damu imeganda, mtoke usiku huohuo, msingoje basi la asubuhi.